Tunda Nililolipaka Nusu

Sogeza kiti, mwanangu, unisikilize. Karatasi uliyoilowesha asubuhi iache ikauke. Ukiigusa sasa itakunjamana, na mimi sitachukua muda mrefu kuliko yenyewe. Nimestaafu, meza ya dirishani sasa ni yako, na nimeombwa niandike kidogo juu ya kazi yetu kabla sijaanza kusahau. Vyeo nilivyopanda na mshahara niliopata nitavipita. Havitakusaidia kupata rangi ya jani la mgomba lililopigwa na jua kwa nyuma.

Nitakueleza kwa utaratibu, na kwa moyo wote, kwa sababu nimeona mkono wako na mkono wako ni mzuri. Lakini sitakudanganya. Kazi ya kupaka mimea rangi inakufundisha kuona, na mtu akishajua kuona hawezi kuacha. Kila mwaka utaitazama milima ya Uluguru kupitia dirisha hilo, na kila mwaka utaona kilichopungua, na utakachoweza kufanya ni kuchora.

Kabla ya kuajiriwa nilikuwa nachora maua kwenye vitambaa vya makochi. Akina mama wa Bigwa waliniletea kitambaa cheupe, nawachorea kwa penseli, wao wanadarizi. Maua yangu yote yalikuwa na petali tano zinazolingana, na kila shina lilipinda kuelekea kulia. Nilijiona fundi. Mtu mmoja aliyekuja kununua vitambaa kwa ajili ya harusi akaniambia kuna ofisi mjini inayohifadhi mimea mikavu, na mchoraji wao anatafuta msaidizi. Nikavaa gauni la sikukuu, nikaenda na vitambaa vyangu chini ya kwapa.

Mchoraji huyo alikuwa Mzee Hilari. Kabla ya mimea alikuwa anaandika mabango ya maduka na kuchora ng'ombe kwenye kuta za bucha. Alivitandaza vitambaa vyangu mezani, akavitazama kimoja kimoja.

"Maua yako yana afya sana," akasema. "Hakuna hata moja lililoliwa na mdudu."

Nikadhani ananisifu. Nikamshukuru.

Akachuma jani kwenye mti ulio nje ya mlango, akaniwekea mbele. "Mwanaidi, jani hili lina rangi gani?"

"Kijani, mzee."

"Haya, kaa. Ukipata jibu jingine uniite."

Nikakaa. Saa za chai zikapita. Nililigeuza jani lile mpaka likaanza kulegea. Mwishowe nikamwita, nikamwambia kwa woga kwamba huku juu, penye kung'aa, naona kama samawati.

"Kwa nini?"

"Naona ni kama anga imelalia hapo."

"Na hapa karibu na mshipa?"

"Njano."

"Na kwenye kikonyo?"

"Wekundu kidogo. Kama udongo."

"Basi leo umeanza kazi," akasema, akanipa rangi tatu tu: njano, bluu na nyekundu. Kijani cha kwenye mkebe alikuwa anakificha kabatini kama mtu anayeficha pombe. Alisema kijani cha dukani ni cha mabango, kinapiga kelele. Wewe pia jifunze hivyo. Njano na bluu zitakupa kijani, na nukta ya nyekundu itakituliza.

Wageni wakija ofisini huuliza kwa nini tunahangaika kuchora wakati simu zipo. Wajibu kwa upole. Mmea mkavu kwenye jalada unatunza umbo, lakini rangi inaondoka. Baada ya muda kila kitu kabatini kina rangi ya chai. Picha ya simu inakupa rangi, lakini inakupa pia kivuli, tope na kidole cha aliyepiga. Mchoro unachagua. Karatasi moja inabeba jani, ua kwa mbele na kwa ubavu, tunda, na mbegu, kila kimoja mahali pake, ili mtu asiyewahi kufika Morogoro aweze kusema: huu ni ule.

Vifaa vyangu unavijua. Brashi mbili zinatosha, moja nene na moja yenye ncha. Usiisimamishe brashi kwenye kikombe cha maji, ncha itapinda na haitakusamehe. Karatasi nene zifunge kwenye nailoni pamoja na vipande vya mkaa, maana ukungu wa masika ukiingia karatasini rangi inazama kama kwenye mkate. Weupe hatupaki, weupe ni karatasi yenyewe, uache tangu mwanzo. Na sheria kubwa ya Mzee Hilari ilikuwa kusubiri. Tabaka la kwanza jepesi likauke kabisa, ndipo la pili. Ukiharakisha, rangi mbili nzuri zinakuwa tope. Kujua kama imekauka, gusa kwa nyuma ya kidole: ikiwa baridi, bado.

Kule mlimani, penye mawingu, huwa bado daima. Siku moja nikachoka kusubiri, nikaomba jiko la mkaa kwa watu niliokuwa nimefikia kwao. Karatasi ilikauka vizuri, na ikapata tundu katikati linalotosha kupitisha kikombe. Mzee Hilari aliinyanyua akanitazama kupitia tundu lile.

"Hapa umepata mwanga mzuri," akasema.

Sasa nikueleze kuhusu mmea wenyewe.

Juu ya Bigwa, pikipiki inapokushusha na njia inapokuwa ya miguu, kuna kijito kidogo ambacho kwenye ramani hakina jina. Kwenye ukingo wake, kivulini, palikuwa na mmea mfupi wenye shina laini linaloonekana maji ndani yake. Ni wa jamii ya yale maua watu wanayopanda kwenye makopo barazani, lakini huu ulikuwa na ua jeupe, koo la njano iliyopauka, na michirizi miwili ya waridi myembamba mno. Ukilichuma, linalegea kabla hujamaliza kushuka mteremko wa kwanza. Kwa hiyo tulipanda sisi, na maji na rangi, tukakaa mbele yake.

Shamba lililopakana na kijito hicho lilikuwa la Tausi, mwanamke aliyenipita umri kidogo, nami nikamwita Da Tausi tangu siku ya kwanza. Kwa Waluguru ardhi inapita kwa mama. Alikuwa ameipata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Alisimama mbele yetu na jembe begani, akamtazama Mzee Hilari akichungulia ua kwa kioo cha kukuzia.

"Mzee, umepoteza nini?"

"Tunachora, mama."

"Mnachora nini na hapo hamna kitu?"

"Hili ua."

Akacheka mpaka akaweka jembe chini. "Mmetoka mjini, na nauli mmelipa, kwa ajili ya majani ya sungura!"

Hata hivyo alituchemshia mihogo. Na kila mwaka niliporudi alinipokea kwa maneno yaleyale: "Mke wa ua amekuja. Mumeo hajambo, nimemwona asubuhi."

Jani na ua tulivipata mapema. Kilichobaki ni tunda. Dokta Elinami, mtaalamu wetu wa mimea wakati huo, mtu mpole asiyeficha asichokijua, alitueleza wazi. Upande wa pili wa mlima kuna mmea mwingine unaofanana sana na huu. Tunda la ule limeelezwa kwa maneno vitabuni. Bila kuona tunda la huu wetu, na mbegu zake, hawezi kusema kwa uhakika kama ni ndugu wawili au ni mmoja. Ikiwa ni wa peke yake, una haki ya jina, na penye jina angalau mtu anaweza kuandika barua kuombea kijito kile. Bila jina, unaombea nini?

Usidhani ilikuwa kazi rahisi. Matunda ya jamii hiyo yakiiva yanakuwa yamejikaza kama kamba iliyovutwa. Yaguse tu, yanapasuka, maganda yanajikunja kama vinyweleo vya brashi mbovu, na mbegu zinaruka. Ndiyo maana kwenye majalada yetu hayakuwepo: kila aliyewahi kuyaona alinyoosha mkono. Mwaka mmoja mimi na Mzee Hilari tuliyakuta mawili. Nikazuia pumzi. Mzee akainama, ukingo wa kofia yake ukagusa jani, jani likagusa tunda, na yote mawili yakaondoka mbele yetu. Akabaki ameinama vilevile muda mrefu.

"Ningekuwa bado nachora ng'ombe," akasema, "angekuwa amesimama."

Miaka mingine tulifika mapema, tukakuta vitunda vichanga visivyo na umbo. Mingine tulichelewa, tukakuta maganda yaliyojikunja. Mingine njia ilikuwa imeporomoka. Tulijaribu kuuhamisha mmea mmoja ofisini kwenye chungu, tukaufunika, tukaumwagilia kwa maji ya mtungini. Joto la mjini liliuua kabla mwezi haujaisha, na tangu siku hiyo sikukubali mtu mwingine auchimbe.

Mzee Hilari akaanza kupaka majani yenye bluu nyingi. Kisha nikamwuliza, naye akadai ni mimi ninayeona vibaya. Ulikuwa mtoto wa jicho. Ulimwengu wake ulikuwa umegeuka wa njano, naye anaongeza bluu kuurudisha. Alipostaafu alinikabidhi karatasi ya mmea wa kijitoni, nafasi ya tunda ikiwa tupu upande wa chini kulia.

"Iangalie na uiache," akaniambia. "Usije ukaijaza kutoka kichwani. Kichwa kina maua ya vitambaa."

Alifariki kabla sijaijaza. Nilikuwa nikienda kumwona, na kila mara, kabla ya habari za nyumbani, aliuliza: "Limeonekana?" Nikajibu bado. Mara ya mwisho nilitamani kusema ndiyo. Sikusema, na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Huku nyuma kijito kilikuwa kinabadilika. Juu yake watu walifyeka ili walime mboga za kupeleka sokoni mjini, wakavuta maji kwa mipira. Siwalaumu, mchicha huo nimeula. Lakini miti ilipopungua, jua likafika mahali ambapo halikuwahi kufika, na mmea ukarudi nyuma, kutoka ukingo wote ukabaki vipande, kutoka vipande ukabaki kishada kimoja, chini ya mti mmoja, kwenye shamba la Da Tausi. Nilizunguka vijito vya jirani kila msimu. Sikuuona kwingine.

Da Tausi alikuwa na mabinti, na ardhi ya mama ilibidi igawanywe. Mkubwa alipata kipande chake, wa kati chake. Kisha mdogo, Rehema, akarudi kutoka Gairo na watoto, ndoa imekwisha. Kipande kilichokuwa kimebaki cha kumpa ni kile cha kijitoni.

Hiyo ilikuwa masika yangu ya mwisho kazini. Nilipofika, Da Tausi hakunitania. Rehema alikuwa amesimama nyuma yake, panga mkononi.

"Shikamoo, mama," Rehema akanisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Poleni na mvua."

Da Tausi akanishika mkono, tukakaa kwenye gogo.

"Mwanaidi, nikwambie ukweli. Mti ule tunaukata. Rehema apande maharage."

"Da Tausi, kile kishada ndicho kilichobaki."

"Najua. Nimekuchungia mumeo miaka yote. Nimewazuia mbuzi, nimewazuia watoto. Sasa hawa wajukuu niwaambie nini? Ua lako linajilisha lenyewe kwa maji. Hawa hawajui kula maji."

Wewe ungekuwa na jibu?

Rehema ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Mama, maharage yanaweza kusubiri wiki. Akimaliza tutakata."

"Wiki," akasema Da Tausi. "Mungu akijalia tusipate mvua ya mawe."

Kwenye kishada palikuwa na tunda moja, bado changa. Niliomba pa kulala kwao, na kila asubuhi nilishuka kulitazama, mikono yangu nikiwa nimeifunga nyuma kama mshitakiwa. Lilinenepa. Likaanza kuonyesha michirizi. Siku moja kabla ya ahadi kwisha nikalikuta limejaa, ganda limevutika, upande mmoja kijani kilichoiva na upande wa pili kitu ambacho sikutarajia, hudhurungi yenye zambarau ndani yake, kama ngozi ya bilinganya changa kwenye mwanga hafifu.

Simu yangu na ya Rehema zilikuwa za kitochi, hazina kamera, kwa hiyo nikafanya kazi kama nilivyofundishwa. Nikamwomba Rehema ashike mwavuli, asipumulie kwa mbele. Nikachora umbo kwa penseli, kwa vipimo, bila kugusa. Nikaweka tabaka jepesi la kijani upande wa kivuli. Likatoka vizuri, nakuambia, mkono wangu haujawahi kutoa kijani kama kile. Kisha nikasubiri likauke ili nipake ule wa zambarau bila kuchanganya tope. Nikagusa kwa nyuma ya kidole. Baridi. Wingu lilikuwa limeshuka. Nikasubiri. Nikagusa tena. Baridi.

"Mama, si upake tu?" Rehema akauliza.

"Subiri kidogo, itaharibika."

Tone moja lilidondoka kutoka juu ya mti, si kutoka kwenye mwavuli, likapita ukingoni mwake, likaligonga tunda. Nikasikia mlio mdogo sana, kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti. Pale palipokuwa na tunda pakawa na maganda yaliyojikunja.

Rehema hakusogeza mwavuli. Mimi nilikuwa nimeshika brashi yenye maji safi.

Kisha tukapiga magoti. Da Tausi alituona kutoka juu, akashuka, akapiga magoti naye bila kuuliza. Tulitafuta mbegu kwenye tope, kwenye majani yaliyooza, kati ya mawe, kwa ncha za vidole. Zilikuwa ndogo kuliko punje za ulezi, za rangi ya udongo. Da Tausi aliinua kokoto moja baada ya nyingine, akanionyesha kila moja. "Hii?" Hapana. "Hii je?" Hapana, dada. Alilia yeye kabla yangu. Jioni ikaingia, hatukupata hata moja.

Kesho yake walikata mti, na nilishika upande mmoja wa kamba ili usiangukie nyumba. Kishada kilinyauka juani siku ileile. Nimerudi mwaka huu, nimestaafu, kwa nauli yangu. Maharage ya Rehema yamekubali. Nilipita matuta yote nimeinama, nikitumaini kuna mbegu iliyoota kwenye unyevu. Hakuna.

Karatasi iko droo ya chini. Tunda lina umbo kamili, nusu lina rangi, nusu ni jeupe. Dokta Elinami ameshaondoka. Mtaalamu mpya ameitazama akasema ni nzuri, ila bila rangi kamili na bila mbegu hawezi kuutofautisha na ule mwingine, na bila mmea hai hakuna pa kuanzia. Yuko sahihi. Kijana mmoja wa kompyuta akaniambia nusu ile inaweza kujazwa kwa kufananisha na ndugu yake. Nikamshukuru, nikafunga droo. Zambarau ile naiona nikifumba macho, lakini kila nikijaribu kuichanganya inatoka tofauti na jana. Kwa hiyo mimi pia sijui tena.

Watu huniambia nisikate tamaa, nimefanya mengi, kabati limejaa. Ni kweli limejaa. Nikifungua naona mimea ambayo nusu yake sijaikuta tena mlimani kwa miaka mingi, nami nimeichora kama mpiga picha wa msibani. Sikutaka kukuandikia hivi. Nilitaka kukuandikia kuhusu brashi. Lakini kusubiri ndiyo sheria nzuri kuliko zote nilizofundishwa, na ndiyo iliyoninyima nusu ya tunda, na siwezi kukukabidhi sheria hiyo bila kukuambia.

Yule ndugu wa upande wa pili wa mlima bado yupo. Tunda lake limeandikwa kwa maneno tu. Hakuna aliyewahi kulipaka rangi. Nenda mwezi wa tano, mvua zikianza kupungua. Chukua mtu wa kushika mwavuli, mkae chini mbali kidogo, na wote wawili mfunge mikono. Ukiliona limeiva, usichore umbo kwanza. Changanya kila rangi unayoiona juu yake, weka doa la kila moja pembeni mwa karatasi, hata kama zitagusana na kuchafuana, na andika kwa penseli kila doa ni la sehemu gani. Hayo yakiwa karatasini, ndipo uanze kuchora.